Mahamri, Kahawa Chungu na Daftari la Deni: Mkahawa Mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa

Mkahawa ninaoutathmini hapa hauna kibao mlangoni wala jina lililoandikwa popote. Ukishuka mojawapo ya njia nyembamba zinazotoka Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale, harufu ya iliki itakufikia kabla hujauona mlango. Mwenye mkahawa ameniomba nisiuelekeze zaidi ya hapo, na sababu yake ni nzito: anaye mteja mmoja ambaye hataki watu waje kumtazama. Nimemkubalia. Wakaazi wa Mji wa Kale watatambua ninapopasema, na mgeni akiuliza kwa adabu ataonyeshwa.

Nimekula hapo kwa muda unaokaribia miaka miwili, karibu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nyingi baada ya kurudi, kwa hivyo siandiki kama mpita njia.

Nianze na chakula, maana ndicho kinachouzwa. Mahamri yake huumuliwa usiku kwa hamira na tui zito la nazi, hutiwa iliki iliyotwangwa siku hiyohiyo, na yanapotoka karaini huwa yamefura vizuri, yana uwazi ndani na hayakunywa mafuta. Mbaazi zimeiva hadi zinavunjika kwa ulimi, na sijaona hata siku moja tui lake likikatika. Jioni kuna viazi karai kwa chatne ya ukwaju, ambayo siku nyingine huwa kali kupita kiasi. Hamri moja ni shilingi 10, sahani ya mbaazi shilingi 50, chai shilingi 20 na kikombe cha kahawa shilingi 10. Anayechelewa kupita saa mbili asubuhi atakuta mbaazi zimekwisha, viti ni vichache, na siku ya Ijumaa mlango hufungwa kuanzia saa tano hadi watu watoke msikitini. Hayo ndiyo mapungufu ninayoyajua, na sidhani yatamzuia yeyote anayejua mahamri.

Kahawa inastahili maelezo yake peke yake. Buni hukaangwa na kutwangwa nyumbani, kisha huchemshwa pamoja na tangawizi katika dele linalokaa juu ya makaa, na humiminwa katika vikombe visivyo na mkono, vidogo kiasi kwamba mtu hunywa viwili au vitatu bila kuhesabu. Haitiwi sukari, utamu hutoka kwenye kashata au tende anayotafuna mnywaji. Kikombe cha namna hiyo hakimharakishi mtu, kwani huketi, akangoja kipoe, akazungumza, akaongezewa. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu yote nitakayoyaeleza yalifanyika juu ya kikombe hicho, na juu ya baraza.

Baraza ni lile benchi la mawe linalojengwa likashikana na ukuta wa nyumba, nje ya mlango. Waliojenga miji yetu ya pwani, Lamu hata Mombasa, waliliweka ili mgeni aweze kupokewa na kuheshimiwa bila ya kuingia ndani palipo na faragha ya familia. Aliyeketi barazani hajaingia nyumbani, lakini pia hayuko barabarani. Yuko mahali ambapo wenyeji wanaweza kumsalimu na yeye anaweza kuondoka wakati wowote bila ya kuomba ruhusa. Siku hizi nimeona mabaraza yaliyozungushiwa vyuma ili asilale mtu. Baraza la mkahawa huu limeachwa wazi, urefu wake unatosha watu saba au wanane, na ncha yake ya mbali, iliyo chini ya kivuli cha ukuta wa jirani, ndiyo mahali pa yule mteja.

Ni mzee asiye na makao. Nilipoanza kumwona alikuwa akilala chini ya upenu wa duka lililofungwa, mguu wake mmoja umeviringishwa kitambaa kilichogeuka rangi, na watoto wa mtaa walikuwa wakimwita kwa majina ambayo sitayarudia. Hakuwa akiomba. Aliyemtupia sarafu alizikuta kesho yake palepale. Akisemeshwa alitazama pembeni, na akisogelewa na mtu aliyevaa sare ya aina yoyote, hata mlinzi wa benki anayekwenda zake, aliinuka na kuondoka kwa haraka ambayo mguu ule haukuweza kuibeba.

Mwenye mkahawa, mama wa makamo ambaye wateja wote humwita Mama tu, alikuwa akifanya jambo ambalo mwanzoni sikulielewa. Kila asubuhi, mara tu mahamri ya kwanza yalipotoka, alikiweka kikombe cha chai na mahamri mawili kwenye ile ncha ya baraza, akavifunika kwa kawa ili kunguru wasivichukue, akageukia upande wa upenu ule na kusema, “Sabalkheri, baba,” kwa sauti ya kawaida, kisha akarudi jikoni bila ya kungoja jibu. Alinieleza baadaye kwamba kwa majuma mawili ya kwanza chai ilipoa ikamwagwa. Juma la tatu alikuta kikombe kitupu, kimerudishwa chini ya kawa, na kisahani kimefutwa.

Nilimuuliza kwa nini hakukisogeza kikombe karibu zaidi na pale alipolala yule mzee, ili asipate taabu ya kutembea. Akaniangalia kwa mshangao. “Yeye si paka, mwanangu,” alisema. “Atakaa anapopenda.” Kikombe hakikuhama. Mzee ndiye aliyehama, kwa wakati wake: kwanza alikuja wakati hakuna mtu, baadaye akaja wakati kuna mtu mmoja au wawili, na baada ya miezi karibu mitatu akawa anaketi pale huku watu wakila, amegeuza uso kidogo upande wa bahari.

Mteja mmoja alilalamika kuhusu harufu. Mama hakubishana naye. Alimwonyesha meza iliyoko ndani na kumwambia kwamba huko atapata hewa nzuri. Yule bwana alikwenda akakaa ndani, na hata sasa angali mteja.

Huduma kubwa ya mkahawa huu, kwa maoni yangu, ni daftari. Siku moja, na hiki ni kisa nilichokishuhudia kwa macho yangu, mzee alizungumza kwa mara ya kwanza. Mama alipokuwa akiweka kikombe, mzee alisema, “Sitaki sadaka.” Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajaitumia kwa muda mrefu. Mama alisimama, akafikiri kidogo, akaingia ndani na kutoka na lile daftari refu lenye jalada jeusi analoandikia madeni. “Sikupi sadaka,” alimjibu. “Nakuandika. Humu wamo wavuvi, wamo walimu, wamo wenye tuktuk, wote nawadai. Nawe nakudai.” Mzee aliuliza, “Tangu lini?” Akaambiwa, “Tangu kile kikombe cha kwanza ulichokunywa.” Akaomba asomewe. Mama alisimama pale akamsomea jumla yote, shilingi kwa shilingi, bila ya kumpunguzia chochote na bila ya kucheka, na mzee alisikiliza kama mtu anayesikiliza hesabu yake mwenyewe. Kisha akainua kikombe akanywa.

Kesho yake Mama alipofika kabla ya alfajiri kuwasha moto, alikuta baraza limefagiliwa na njia imefagiliwa hadi kwenye kona. Akalifungua daftari, akaandika kazi hiyo na thamani yake, akakata katika deni.

Nimeyafikiria sana mambo haya. Sisi tuliomwona mzee yule kila siku tulikuwa na huruma naye, na sina shaka kwamba huruma ile ilikuwa ya kweli, lakini tulikuwa tukimpa vitu kwa namna ambayo haikumtaka atoe chochote, hata jibu. Dawa ya deni ni kulipa, husema watu, na msemo huo kwa kawaida hutumika kumbana mdaiwa. Ila ukiutazama kwa upande wa pili, unamkubali kwamba anaweza kulipa. Asiyeaminika hakopeshwi. Mwanamume ambaye hakuwa na anwani, kitambulisho wala jamaa wa kumdhamini alikuwa na ukurasa wake katika daftari la mtu, wenye mistari kama ya wengine, na nadhani ulikuwa ndio maandishi pekee mjini yaliyomtambua kuwa yupo.

Hapa nina kosa langu la kueleza, kwa kuwa msomaji anayetaka kufanya wema wa namna hii atakuwa karibu sana kulirudia. Nilipoona mzee ameanza kuzungumza, nilifurahi nikaharakisha. Nilikuja asubuhi moja na mfuko wa nguo, nikaketi karibu naye, nikamuuliza ametoka wapi, ana watoto wangapi, kwa nini hawamtafuti, na kama angependa nimtafutie nafasi katika makao ya wazee. Aliweka chini kikombe kilichokuwa nusu, akaondoka. Hakuonekana kwa siku kumi na moja. Kila siku kati ya hizo Mama aliweka chai, akaifunika kwa kawa, akatoa salamu kuelekea upenu usiokuwa na mtu, na kila siku chai ile ilimwagwa. Hakunigombeza. Aliniambia maneno machache tu: “Umemuuliza maswali ya afisa. Wewe ukija kunywa chai yangu, mimi hukuuliza baba yako alikufa vipi?”

Alikuwa na haki zaidi kuliko alivyojua yeye mwenyewe. Kenya ilikuwa na sheria ya uzururaji hadi mwaka 1997 ilipofutwa, na chini ya sheria ile mtu asiye na makao wala kazi ya kuonyesha aliweza kukamatwa kwa hali yake hiyo tu. Mzee yule aliishi ujana na utu uzima wake katika nchi yenye sheria hiyo. Kwa mtu kama yeye, swali la “unatoka wapi, unakaa wapi, nani anakujua” lilikuwa ndilo mwanzo wa safari ya kituoni.

Aliporudi, niliagizwa nikae, ninywe kahawa yangu, na nizungumze mambo yangu mwenyewe au ninyamaze. Nilifanya hivyo kwa majuma mengi. Jioni moja mwishoni mwa Machi nilimwambia mvuvi mmoja aliyekuwa barazani kwamba upepo wa kusi umeanza. Kutoka ile ncha ya mbali sauti ilisema, “Kusi bado. Hii ni tangambili.” Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya kosa langu, na yalikuwa ya kunisahihisha. Nikamuuliza tofauti yake, na hilo lilikuwa swali ambalo yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kulijibu. Alinieleza jinsi majahazi yalivyokuwa yakiingia Bandari ya Kale kwa kaskazi yakitoka Arabuni, na jinsi yalivyongoja kusi ili yarudi, na kwamba kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho upepo haujaamua. Alikuwa baharia ujanani mwake. Mvuvi alimwongezea kahawa, akamwita “mzee wangu”, na tangu jioni ile wavuvi ndio hukaa upande wake.

Jina lake alinitajia mwenyewe wakati wa Ramadhani, tulipokuwa tukifuturu kwa tende na kaimati, miezi karibu minane baada ya siku ya kwanza niliyomwona. Ni lake na silitaji hapa.

Mguu ulichukua muda mrefu zaidi kuliko jina. Mara ya kwanza alipokubali kupelekwa zahanati, aliambiwa angojee nje ya uzio kwa sababu ya harufu ya kidonda, naye akageuka akarudi barazani. Sitaitaja zahanati hiyo. Aliyemaliza tatizo lile ni mteja mwingine wa mkahawa, muuguzi, ambaye kwa majuma sita alipita kila baada ya siku moja akitoka zamu, akanywa chai yake kwanza, akamuuliza mzee kama leo anaona ni sawa, na alipokubaliwa ndipo alipofungua kitambaa na kusafisha. Mara tatu alikataliwa, na mara hizo alimaliza chai akaenda zake. Mwadhini naye humfungulia bafu la msikiti baada ya sala ya adhuhuri.

Kisha mzee mwenyewe, bila ya kuulizwa, akataka kujua namna ya kupata kitambulisho kipya. Chake kilipotea miaka mingi iliyopita, na katika nchi yetu kukosa kitambulisho ni kukosa karibu kila kitu: usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, unakihitaji, na posho ya Inua Jamii, ile ambayo Serikali huwapa wazee, inakihitaji. Tulikwenda kuchukua hati ya polisi ya kuthibitisha upotevu, na nilimshika mkono tangu mlangoni mwa kituo kwa sababu alikuwa akitetemeka. Katika ofisi ya kwanza tuliyoingia baada ya hapo karani alinisemesha mimi, akauliza kama “huyu” anajua jina lake. Mzee alimtajia majina yake matatu polepole. Katika ziara ya pili tulihudumiwa na binti aliyeanza kwa “Shikamoo”, akamchukua alama za vidole kidole kwa kidole akimweleza anachofanya, na kitambulisho kilipatikana.

Mzee anakumbuka akibebwa mabegani, mtoto mdogo, kwenda kuona bendera ya Uhuru ikipandishwa Desemba 1963. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 260, inamhesabu mtu kuwa mzee akivuka miaka 60, na Ibara ya 57 inasema wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Lakini posho ya wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, huanzia miaka 70. Kuna miaka kumi hapo katikati ambayo sheria imekwisha kumtambua mtu na fedha bado. Nilipiga hesabu ya ukurasa wake katika daftari: chai moja, mahamri mawili na kahawa mbili kwa siku ni shilingi 60, sawa na shilingi 1,800 kwa mwezi. Hilo ndilo pengo ambalo mama mmoja muuza mahamri amekuwa akiliziba, na hesabu zake, amenikiri, hazikai sawa. Kufagia na kuteka maji hakulipi deni lote. Anajua, na mzee anajua, na ukurasa unaendelea.

Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yamekamilika. Mzee bado analala nje. Chumba alichotafutiwa alikikataa baada ya usiku mmoja, na hakuna aliyemlaumu. Wakati wa masika Mama humwachia mkeka na mlango wa ukumbi wa mbele bila kufuli, na asubuhi mkeka hukutwa umekunjwa. Ziko siku anazotoweka, na ziko siku anazorudi akiwa hataki kusemeshwa. Siku hizo kikombe huwekwa, salamu hutolewa, na watu huendelea na mazungumzo yao.

Kwa hivyo ninaupendekeza mkahawa huu kwa moyo wote, na kwa watakaokwenda nina ombi. Msimpelekee mzee nguo wala blanketi bila ya yeye kusema anataka. Msitoe simu. Alikuja mtu mmoja aliyetaka kujirekodi akimkabidhi zawadi, na Mama alimtaka aweke simu mfukoni ama aende kunywa chai kwingine. Mkimkuta, msalimuni kama mnavyomsalimu mzee yeyote, na akinyamaza msirudie. Kaeni. Agizeni kahawa, na muda wenu uwe mrefu kuliko kikombe.

Jana jioni, nilipojua kwamba nitaandika tathmini hii, nilikwenda kumsomea baadhi ya mambo ambayo ningeyataja, ili aniambie yapi niyaondoe. Aliniondolea mawili, na hayamo humu. Nilipoinuka nikatia mkono mfukoni kulipa, alimwita Mama kutoka ile ncha yake ya baraza, akamwambia, “Za huyu andika kwangu.” Mama alilivuta daftari bila ya kunitazama, akauliza ni vikombe vingapi, mzee akasema viwili, na niliuona mkono wake ukiandika, chini ya chai na mahamri ya asubuhi: kahawa mbili, za mgeni.